Kufuli Moja Limebaki

Jumatatu, 9 Machi

Daftari hili nimepewa na binti yangu jana jioni. Lina jalada gumu na mistari ya bluu, la kule kwao kazini. Ameliweka juu ya cherehani yangu, akasema, "Mama, nakuomba. Kila ukisikia hamu ya kunisifia kwa majirani, andika humu."

Nikamuuliza, "Kwani mimi nakusifia?"

Baba yake, aliyekuwa anasoma gazeti la wiki iliyopita, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

Haya basi, daftari, kaa ukijua. Binti yangu wa pekee, miaka thelathini na miwili, ameteuliwa kuwa kaimu mkuu wa kikosi cha laini za umeme. Chini yake wanaume sita na gari lenye ngazi juu, na hakuna anayepanda nguzo mpaka yeye aseme pandeni. Tangu umeme uletwe hapa hajapata kuwapo mwanamke mkuu wa laini. Hajapata kuwapo hata wa kushika ngazi. Mimi ndiye niliyemzaa, kwa uchungu wa siku mbili, na mkunga aliniambia huyu ametoka amekunja ngumi.

Ukaimu wenyewe ni wa msimu huu wa mvua tu. Mvua zikiisha Meneja ataamua amthibitishe au nafasi ampe mwingine. Mimi sina wasiwasi. Nimewaambia watu wanne tu.

Jumanne, 10 Machi

Wamefika kumi na mmoja. Mama Barafu, jirani yangu muuza barafu, alikuwa anapita mlangoni, ningemwachaje.

Jumamosi, 14 Machi

Ovaroli aliyopewa ilishonwa kwa ajili ya mwanamume mwenye mabega kama mlango na asiye na nyonga. Leo nimeifumua yote. Nimepunguza mabega, nimetia kipande pembeni, nimepandisha pindo. Ningemaliza mapema, ila kutunga uzi kunanichelewesha siku hizi, maana kucha ya kidole changu cha shahada imepinda tangu nilipokuwa najifunza kushona.

Wakati wa kupima nikasikia kitu kizito mfukoni mwake. Kufuli, jekundu. Nikauliza la nini, akanieleza amesimama mikono juu.

Mtu akitaka kupanda nguzo, kwanza swichi kubwa inazimwa pale kituoni. Kisha kila mmoja anatundika kufuli lake kwenye bamba la chuma linaloibana ile swichi. Watu saba, makufuli saba, kila moja na rangi yake. Ufunguo mtu anakaa nao mwenyewe. Kazi ikiisha kila mmoja anakuja kutoa la kwake kwa mkono wake. Likibaki hata moja, swichi haiwashiki, maana huenda mwenyewe bado ameshika waya huko juu.

"Na mtu akisahau kulitoa?"

"Anatafutwa."

"Asipoonekana?"

"Anatafutwa tena, Mama."

"Simama wima, nisije nikakuchoma."

Baba yake akaniambia kutoka kwenye kiti chake, "Wenzako wana makufuli saba, na wewe mdomo wako hauna hata moja." Huyu mzee akipata neno moja zuri kwa siku anajiona amelima shamba.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua imeanza. Imekuja kwa adabu, kama mgeni wa siku ya kwanza.

Jumanne, 24 Machi

Leo amenisimulia bila mimi kumchokonoa, ndipo nikajua yamemfika shingoni.

Yule mkuu wa zamani aliyestaafu, ambaye wote wanamwita Bwana Mkubwa, alikuwa na mkasi wa kukatia vyuma, mikono yake mirefu kama ya toroli. Ulikuwa unakaa ndani ya gari. Kufuli likibaki kwenye bamba alipiga honi mara tatu, akasubiri kidogo, akakata, akawasha. Kazi ilikwenda upesi na wakubwa walimpenda. Binti yangu siku ya kwanza kabisa alisema mkasi huo usiguswe. Sasa kila jioni wanasubiriana, na vijana wananung'unika kwamba wanafika kwao chakula kimepoa.

Mnung'unikaji mkuu ni mmoja wanamwita Koleo. Huyo ndiye mkongwe wao, miaka kumi na minane kwenye nguzo, na nafasi hii aliihesabu yake. Hatukani. Anatabasamu. Anasema, "Mkasi umelala, na sisi tutalala njiani," wenzake wanacheka.

Na kuna hili. Bamba lina matundu, na tundu la kwanza ni la mkuu. Ndiyo desturi yao. Mkuu ndiye wa kwanza kufunga. Koleo anatundika la kwake hapo kila asubuhi, kisha anasema, "Ah, nimesahau." Miaka kumi na minane hakusahau hata siku moja. Ugonjwa wa kusahau umempata mwezi huu.

Nikasema kesho nakuja hapo kituoni, anikumbuke mimi.

"Mama, usije."

"Nakuja kukusalimia tu."

"Mama."

Basi siendi. Ila jina lake nimeliandika hapa. Koleo.

Alhamisi, 2 Aprili

Umeme ulikatika mtaani kwetu saa nne. Fundi wa kuchomelea vyuma, duka la pili kutoka langu, akatoka na kofia yake ya kazi kichwani, akauliza mtaa mzima, "Sasa huu unarudi lini?" Nikainuka kwenye cherehani, nikatoka nje, nikasema, "Kabla ya saa sita. Binti yangu yupo."

Saa tano na nusu taa hiyo. Watu wakanipigia makofi. Mama Barafu, mwenye friza mbili zilizojaa barafu, akasema, "Kumbe tuna Mama Umeme wetu wenyewe." Nimejidai sijasikia, nikamwomba arudie.

Ukweli nakuambia wewe daftari peke yako. Sikuwa nimempigia simu mtu yeyote. Nilibahatisha.

Ijumaa, 3 Aprili

Mama Umeme. Hata mtoto wa muuza mkaa ananiita hivyo.

Jumatano, 8 Aprili

Koleo amefika kwangu. Gari lilisimama nje kumchukua binti, naye ndiye aliyeshuka kubisha hodi. Mrefu, mkavu kama nguzo zenyewe, anajikuna shingo upande wa kulia kila wakati, kama ana upele.

"Shikamoo, mama. Binti yupo?"

"Binti gani?"

"Binti yako."

"Marahaba. Binti yangu nimemzaa mimi, naweza kumwita binti. Wewe unamtafuta nani?"

Akatabasamu. Akajikuna. "Namtafuta kaimu," akasema.

Nikampa kiti, hakukaa. Nikampa chai, akasema amekunywa. Mtu anayekataa chai asubuhi na mvua hii ana kitu moyoni. Binti yangu akatoka na kofia yake ngumu, ovaroli imemkaa kama ameshonewa na malaika. Koleo akaitazama, akasema, "Nani amekushonea?" Binti akanionyesha kwa kidevu. Koleo akajikuna shingo, akarudi garini.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua mchana kutwa. Paa la duka linavuja pale pale lilipozibwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Leo nitaandika mpaka kalamu ichoke.

Jana asubuhi upepo uliangusha nguzo tatu kule bondeni, na mji mzima ukazimika saa mbili. Kikosi kikaondoka na mvua hiyo hiyo. Redio ikatangaza umeme utarudi saa kumi alasiri. Mimi sikutosheka na redio. Nilisimama mlangoni nikatangaza na mimi.

Mama Barafu akaja kuniuliza taratibu, "Dada, nisaidie. Niihamishie barafu kwa mdogo wangu mwenye jenereta, au nisubiri?"

"Subiri. Saa kumi kamili. Nakupa neno langu."

Saa kumi ikafika, ikapita. Saa kumi na nusu. Fundi wa kuchomelea amekaa juu ya mtungi wake wa gesi mikono magotini, akasema, "Mama Umeme, saa yako ni ya nchi gani?" Watu wakacheka. Nikacheka nao. Saa kumi na moja muuguzi wa zahanati akaja anakimbia na masanduku, anatafuta barafu ya kuwekea chanjo kabla hazijaharibika. Mama Barafu akampa yote iliyokuwa bado imara. Iliyobaki ilikuwa maji. Akapita mbele yangu na ndoo, akaimwaga mtaroni, hakunitazama.

Nikapiga simu.

"Mama, kuna kufuli moja limebaki," binti akasema, akakata.

Nikachukua mwavuli. Kituo ni mwendo wa dakika kumi. Siku nyingine zile transfoma zinanguruma hata unazisikia kifuani. Jana kimya, mvua tu juu ya kokoto. Wanaume watano wameketi kwenye ukingo wa gari, wamelowa chapachapa. Meneja amesimama chini ya mwavuli wake, injini ya gari lake inawaka. Binti yangu yupo mbele ya swichi. Kwenye bamba limening'inia kufuli moja, la kijani. Nilisimama nje ya uzio wa waya, nikasikia kila neno.

"La nani hilo?" Meneja aliuliza.

"La Koleo."

"Yuko wapi?"

"Hatujui. Simu yake haipatikani. Nguzo thelathini na moja tumezipitia kwa miguu, hatujamwona. Kijana wetu mmoja tumemtuma kwa Koleo na mtu wa pikipiki, lakini daraja la chini limefunikwa na maji, wanazunguka kwa juu."

Nikahesabu tena pale kwenye gari. Kweli, walikuwa wanne. Watu tukiwa na hasira hata kuhesabu kunatushinda.

"Amekwenda kwao huyo," Meneja akasema.

"Nani amemwona akienda?"

Mmoja akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi aliniambia, 'Naenda.' Nikadhani anakwenda kujisaidia."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi tangu saa nane anajisaidia," Meneja akasema, na hata wale waliolowa wakacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mkasi upo ndani ya gari. Kata."

"Hapana, bwana Meneja."

"Mji mzima unamsubiri mtu mmoja."

"Ndiyo. Mmoja."

"Bwana Mkubwa angekwisha kukata zamani."

"Najua."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningekuwa na kifutio cha kufuta siku ningelifuta. Nilishika uzio kwa mikono miwili, nikapaza sauti, "Kata, mwanangu. Kata tu. Usinitie aibu."

Wanaume wote wakageuka. Meneja akageuka. Mkuu wa kikosi, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, anapewa amri na mama yake kwenye uzio kama mtoto aliyekataa kuoga.

Hakunijibu kwa hasira. Laiti angenijibu kwa hasira. Alisema, "Mama, rudi nyumbani." Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kufuli lake jekundu ambalo alikuwa amekwisha kulitoa kwenye bamba, akalitundika tena, kando ya lile la kijani. Akalibana. Ufunguo akautia ndani ya buti. Akamwambia Meneja, "Naenda kuipitia laini mara ya pili. Anayetaka kuwasha atakata mawili, na la pili ni la kwangu."

Akaondoka na mvua, kichwa juu, anatazama nguzo moja moja. Wale wanaume wakatazamana. Wawili wakainuka, wakamfuata. Mimi nikarudi nyumbani, mwavuli umefungwa. Nilisahau kuufungua.

Umeme ulirudi saa moja na nusu jioni. Koleo alipatikana kwake, amelala. Homa ilimkamata kule bondeni, akapanda lori la kokoto likampeleka mpaka mlangoni, akajifunika blanketi akalala, ufunguo ndani ya mfuko wa suruali iliyoanikwa. Walimleta kwenye pikipiki na blanketi lake, anatetemeka, akafungua kufuli lake, wakamrudisha.

Asubuhi hii nilimwambia binti, "Kwa hiyo mlikuwa mnamsubiri mtu aliyelala."

"Ndiyo."

"Saa tatu na nusu, mji mzima, mtu anakoroma."

"Ningejua anakoroma ningekata, Mama. Sikujua."

Hakula. Akaenda kazini na barua mkononi. Meneja anamtaka ajieleze kwa maandishi.

Jumamosi, 18 Aprili

Sijafungua duka.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimefungua. Mama Barafu hajanisalimu. Nimemsalimu mimi kwanza, mara mbili. Mara ya pili akasema, "Nzuri."

Fundi wa kuchomelea amebandika karatasi mlangoni kwake: TUNASUBIRI KOLEO AAMKE. Watu wanapita wanacheka. Binti yangu hupita hapo kila asubuhi.

Jumanne, 21 Aprili

Inasemekana Meneja amemwita Koleo ofisini, amefunga mlango, wamekaa muda. Inasemekana nafasi anapewa yeye, na mvua hazijaisha hata nusu. Aliyeniambia ni fundi wa kuchomelea, na safari hii hakucheka. Karatasi ameibandua.

Binti nikimuuliza anasema, "Sijui, Mama." Amekonda. Ile ovaroli niliyopunguza inataka kupunguzwa tena.

Usiwaamini watu wanaosema kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Zinamzuia. Na mlango wenyewe ulikuwa mimi.

Alhamisi, 23 Aprili

Saa tisa alasiri Koleo ameingia dukani kwangu.

Mvua ilikuwa inanyesha, akasimama mlangoni anachuruzika, na gunia refu begani. Nilikuwa na kazi ya sketi. Nikaendelea kukanyaga cherehani. Alinisalimu, nikaitikia bila kuinua macho. Kiti sikumpa. Chai sikumtajia.

"Nataka nishonewe kitu, mama."

"Suruali za kikosi huwa mnapewa."

"Kamba. Ya ufunguo. Niivae shingoni. Iwe ngumu, isikatike, na isifunguke mpaka mtu akusudie."

Nikasimamisha mguu. "Mkuu mpya anataka mapambo?"

"Umesikia."

"Mtaa mzima umesikia."

Akajikuna shingo. Nikamwambia, maana nilikuwa nimechoka na huo mkono wake, "Huo upele una dawa. Nenda zahanati."

Akauteremsha mkono, akautazama kama amepewa na mtu. "Si upele," akasema. "Bwana Mkubwa amekata kufuli langu mara nne, mama. Mara tatu nilikuwa chini, nimesahau tu. Mara ya nne nilikuwa juu."

Nikaiweka sketi chini.

"Honi sikuisikia, kulikuwa na upepo. Nimeshika waya kwa mikono miwili mchana kutwa. Nikawashwa shingoni, nikaiachia, nikainua mikono nijikune. Ndipo akawasha. Nikasikia laini inanguruma mbele ya uso wangu, hapa." Akapima shibiri moja kutoka puani. "Nikateremka. Nikaenda nyumbani. Tangu siku hiyo najikuna, hata pasipo na kitu."

"Ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Aliyekata ndiye mkuu."

Nikamwonyesha kiti. Akakaa. Nikamwekea maji ya chai kwenye jiko, na huku maji yanachemka nikakitazama kidole changu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ninatunga uzi, mwenzangu mmoja mwenye haraka akadhani nimemaliza akazungusha gurudumu la cherehani. Sindano iliingia kwenye kucha ikatokea upande wa pili. Yule mwenzangu alikuwa rafiki yangu, hakunichukia. Hakutazama tu. Miaka arobaini nimebeba kucha hii, kisha nikaenda kushika uzio nikapiga kelele kata.

Nikampa chai. Akainywa, safari hii.

"Mimi nilidhani hatadumu," akasema. "Sikumchukia. Nilisema huyu mvua ya pili itamwondoa, nami nimezoea kusubiri. Tundu lake nilitia kufuli langu makusudi. Umesikia na hilo?"

"Nimeliandika."

"Siku ile walipokuja kuniamsha, wakaniambia ameipitia laini mara mbili kwa miguu, mvuani, ananitafuta juu ya nguzo. Mimi. Nikafikiri wananitania." Akaizungusha bilauri. "Meneja akaniita juzi. Akaniambia nafasi ni yangu, nitie saini. Nikamwambia siitaki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ningekata, mama. Nimekaa na watu wa kukata, nimezoea. Jioni imefika, simu zinalia, Meneja amesimama hapo, mimi ningekata. Sasa nikiwa mkuu, siku nyingine nikiwa juu, nani atanisubiri mimi?"

Mvua ikapiga juu ya bati.

Nikamshonea kamba. Nikatumia mkanda wa begi, nikaupitisha sindano mara tatu, nikaweka kifungo cha chuma mwishoni. Nikampimia shingoni kwake. Nikamwambia ainue kichwa, akainua kama mtoto.

Aliposimama kuondoka akakumbuka gunia. Akalifungua. Ndani mkasi wa kukatia vyuma, mikono mirefu kama ya toroli.

"Ulikuwa mali yake Bwana Mkubwa mwenyewe, si wa kikosi. Nimemwomba, amenipa. Kwangu sitaki uonekane. Na garini wakiuona wataukumbuka. Ukae kwako."

"Nitaufanyia nini mimi, nikatie hariri?"

"Utajua mwenyewe," akasema. Mlangoni akageuka. "Mama, usimwambie Mkuu kwamba nimekuja."

Alisema Mkuu. Hakusema kaimu wala binti.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimepeleka mtungi wa juisi kwa Mama Barafu na kumwomba radhi. Nikasema, "Neno nililokupa halikuwa langu kulitoa." Akaninyamazisha kwa mkono. "Barafu yangu imeokoa chanjo za mji mzima," akasema. "Daktari mwenyewe amenishukuru." Amekwisha kuwaambia watu zaidi ya ishirini. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Sasa najua watu wanavyonivumilia.

Jumanne, 28 Aprili

Meneja amemwita binti mbele ya kikosi chote. Amempa onyo la maandishi kwa kuchelewesha umeme. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Koleo akavua kofia. Akasema, "Bwana Meneja, na sisi tuandikie onyo kama hilo, sita, tuweke kwenye mafaili yetu. Maana safari ijayo na sisi tutasubiri."

Wengine wakavua kofia. Meneja akawatazama, akatazama dirishani, akasema mvua hizi zinamchosha. Hajasema anamthibitisha. Hajasema hamthibitishi.

Binti alinisimulia haya amekaa chini, buti bado miguuni. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile kwenye uzio."

"Yamekwisha, Mama."

"Hayajaisha. Nilikosa. Ulikuwa kazini kwako, na mimi nikakuita kama tupo jikoni."

Akaegemeza kichwa kwenye goti langu, na nywele zake zinanuka mvua na chuma. Baba yake akainua gazeti akajifunika uso, na gazeti lilikuwa juu chini.

Jumatano, 6 Mei

Watano wengine wa kikosi wamekuja kushonewa kamba za ufunguo. Kila mmoja ametaka rangi ya kufuli lake. Wamekuja mmoja mmoja, kila mmoja anadhani ni siri.

Alhamisi, 14 Mei

Jua kutwa nzima. Nimeanika magodoro.

Jumanne, 19 Mei

Leo nilipeleka ovaroli kituoni. Nilialikwa. Nilisimama ndani ya uzio safari hii, kofia ngumu kichwani, imenikaa vibaya. Wakazima swichi. Nikaona kwa macho yangu: wanaume sita wamesimama na makufuli mkononi, hakuna anayesogea, mpaka binti yangu alipotundika jekundu kwenye tundu la kwanza. Kisha la kijani. Kisha mengine. Koleo hakunitazama, lakini kamba ilikuwa shingoni, na mkono wake ulikuwa umeishika.

Ijumaa, 29 Mei

Barua imekuja. Amethibitishwa. Mkuu wa kikosi cha laini, bila neno kaimu, na muhuri juu yake. Nimeisoma mara tano, ya mwisho kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa.

Saa nane umeme umekatika. Kuna nguzo iliyooza nyuma ya soko wanaibadilisha. Niko dukani, nimetandika kitambaa cha gauni mezani, na juu yake nimelaza ule mkasi wa chuma, maana hakuna kitu kinachoshika kitambaa kisiteleze kama ule. Saa kumi na moja fundi wa kuchomelea akapita, akasimama. Mama Barafu akatoka mlangoni kwake. Wote wawili wakanitazama.

"Mama Umeme," fundi akasema, "unarudi lini?"

Barua ilikuwa ndani ya blauzi yangu. Simu ilikuwa mfukoni. Baba yake binti, aliyekuja kuniletea mwavuli siku isiyo na mvua, alinitazama juu ya miwani, anasubiri.

"Bado wanahesabu makufuli," nikasema.

Mama Barafu akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuhamisha barafu yake. Fundi akavuta mtungi wake akaukalia. Baba yake akaketi kando yangu. "Leo mdomo umeufunga?" akanong'ona.

Nikanyoosha kitambaa chini ya ule mkasi. Tulikaa hapo sisi watatu na giza likaanza kuingia polepole, na hakuna aliyeuliza tena.